Kopo Lililoelekea Geita

Mama mkwe wangu hatupi makopo. Ya majani ya chai, ya maziwa ya unga, ya biskuti za Krismasi, yote akiyamaliza huyasugua kwa majivu, huyaanika juu ya jiwe la uani, kisha kila moja hupewa kazi yake. Lipo la mbegu za mlenda, lipo la vifungo, lipo la chumvi. Lile la bati la rangi ya bluu, lenye mfuniko unaobana mpaka utumie mpini wa kijiko kuufungua, ni la sindano na nyuzi. Nyumba nzima tulijua hivyo. Alichokijua yeye peke yake ni kwamba chini ya sindano kulikuwa na duara la kadibodi, na chini ya kadibodi kulikuwa na marejesho ya mkopo wa kikoba.

Shemeji, mdogo wake baba watoto, anafanya kazi na watalii Arusha. Alikuja kututembelea likizo ya shule akiwa na mchezo aliojifunza kwa wageni wake. Alikuwa akiwaona wanasimama njiani, wanachungulia chini ya mizizi, halafu wanatoka na kopo dogo na furaha kubwa usoni. Mchezo unaitwa jiokashingi. Mtu anaficha kopo lisiloingia maji, ndani anaweka daftari, penseli na vitu vidogo vya kubadilishana. Anaandika namba za mahali hapo kama GPS inavyozisoma, anazitangaza kwenye programu ya simu, na wengine duniani wanazifuata. Anayelipata anaandika jina na tarehe, analirudisha palepale. Ukichukua kitu, acha kitu chenye thamani hiyo au zaidi. Chakula hakiwekwi, maana wanyama watakifuata. Kopo halizikwi ardhini.

Watoto walimzunguka mpaka sato akapoa kwenye sinia. Niliwaacha. Sijaona somo la jiografia likisikilizwa namna ile. Alisema kuna setilaiti za Wamarekani zipatazo 30, ziko juu kilomita 20,200 hivi, kila moja ikiizunguka dunia mara mbili kwa siku. Zote zinabeba saa za atomiki, na kazi yake kila moja ni kutangaza saa bila kuchoka. Simu husikiliza angalau nne, hupima kila tangazo limechukua muda gani kufika, na kutokana na muda huo hujua iko wapi. Mama mkwe aliuliza zinalipiwa shilingi ngapi kwa mwezi. Alipoambiwa hazilipiwi, aliuliza tena.

Binti yetu mkubwa alitaka kujua nani alianza. Shemeji akasema kwamba zamani Marekani ilikuwa inavuruga matangazo hayo kwa makusudi, ili jeshi lake libaki na yaliyo sahihi, na raia angeweza kupotezwa hata mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000 Rais Bill Clinton aliagiza uvurugaji uzimwe. Tarehe 3 ya mwezi huohuo mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer alipeleka ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatia ndani daftari, penseli, vitabu, manati na kopo la maharage, akatangaza namba zake kwenye intaneti. Siku chache baadaye ndoo ilikuwa imeshapatikana. Leo makopo ya namna hiyo yanahesabika kwa mamilioni.

Baba watoto, ambaye ni mwalimu wa historia na haachi Mwanza ipitwe, aliingilia kati. Akawaambia wanawe kwamba mji huu ulianza kupimwa kwa namba kabla babu yao hajazaliwa. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alifika kwenye vilima vya huku akaliona ziwa, na kimo chake alikikadiria kwa kupima joto la maji yanayochemka, maana kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Alipata futi 3,740, sawa na mita 1,140. Vipimo vya leo vinasema mita 1,134. Kitinda mimba wetu alikimbilia jikoni kuangalia sufuria ya chai.

Ikabaki kazi ya kuchagua mahali. Watoto walitaka ufukweni. Hapo nilikataa mimi, na ningekataa tena. Kwenye matete na maji ya kina kifupi kuna kichocho, na Kanda ya Ziwa ugonjwa huo tunaujua kwa watoto wetu wenyewe. Kuna mamba pia. Kopo linalomtia mtoto majini mpaka magotini si mchezo wa nyumba yangu. Tukakubaliana mawe. Butimba, tunakoishi hapa Mwanza, haina uhaba wa mawe: yamekaa nyuma ya nyumba, katikati ya nyumba, mengine nyumba zimekaa juu yake. Shemeji alisema yeye ataficha kopo moja peke yake, atatuachia namba kwenye karatasi, na Jumamosi sisi tulisake kama majaribio, kabla hatujalitangaza kwa watu wengine.

Aliomba kopo. Kitinda mimba, ambaye hupenda kutumwa kuliko mtoto yeyote niliyemzaa, alikwenda chumbani kwa bibi yake, akamwaga sindano na nyuzi kwenye kisahani, akaleta la bluu. Bibi alikuwa kwenye kwaya. Shemeji alitazama ndani akaona kadibodi safi chini, akafikiri ndivyo lilivyotengenezwa. Akaweka daftari, penseli, shanga na kifungo cha shaba. Ijumaa jioni akatoka nalo. Alfajiri ya Jumamosi alikuwa stendi ya Nyegezi, ndani ya basi la Arusha.

Karatasi aliyoiacha ilikuwa na mstari mmoja wa namba na mstari mmoja wa maneno. Namba zilianza na mbili nukta tano saba, upande wa kusini, na thelathini na mbili nukta tisa sifuri, upande wa mashariki. Tarakimu zilizofuata baada ya hizo sitaziandika hapa, kwa sababu zinaishia uani kwa mtu. Maneno yalisema: chini ya jiwe lililobeba jiwe.

Asubuhi ya Jumamosi baba watoto alifungua programu ya mchezo kwenye simu yake. Programu ilimpa nafasi ya digrii, kisha nafasi ya dakika. Akaandika digrii 2, dakika 57 na vipande vyake. Ikapokea. Akaandika digrii 32, dakika 90. Ikakataa. Akarudia, ikakataa. Akaona labda shemeji amegeuza tarakimu kwa haraka ya safari, akaandika 09. Ikapokea, na mshale ukazunguka ukatulia, ukielekeza ng'ambo ya ghuba. Umbali ulioandikwa ulizidi kilomita 90. Tulipovuta ramani, nukta ilikuwa imekaa Geita.

Watoto walishangilia. Kwao ilikuwa dhahiri kwamba baba mdogo amewaandalia safari ya kupita daraja jipya la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, ambalo walikuwa wameliomba tangu lilipofunguliwa. Kijana wetu wa kati alishavaa viatu. Ilibidi baba yao akae nao chini kuwaeleza kwamba mtu hawezi kutoka na kopo saa kumi na moja jioni kwa miguu, akalificha Geita, na saa mbili akawa mezani anakula wali. Simu ya shemeji haikupatikana, alikuwa njiani. Tukaliacha jambo hadi atakapofika. Hakuna aliyeona haraka.

Haraka ilianza baada ya chakula cha jioni, mama mkwe alipotoka chumbani kwake ameshika kisahani chenye sindano.

Hakupaza sauti. Aliuliza tu kopo lake liko wapi. Kitinda mimba akamwambia kwa fahari kwamba limekwenda kwenye mchezo. Mama akaketi kwenye mkeka akanitazama mimi, si mtoto, akasema, "Mwanangu, chini ya ile kadibodi kuna pesa. Kesho baada ya ibada ni kikoba."

Asiyekaa kwenye kikoba anaweza kudhani hili ni suala la noti tu. Kikoba cha akina mama wale kina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa watu watatu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Kila mkopo una wadhamini. Mama asingerejesha, wenzake wawili wa umri wake, mmoja muuza dagaa na mwingine mjane anayelea wajukuu, ndio wangeulizwa mbele ya kikundi. "Ingekuwa yangu," alisema, "ningelala." Baba watoto akasimama kutafuta tochi. Nikamkatalia. Mawe yetu usiku yana wenyewe, na nyoka hajui kama umekuja kwa mchezo au kwa shida.

Aliyetutoa gizani ni binti mkubwa. Alikuwa amekaa na ile karatasi muda mrefu, na swali lake lilikuwa moja: kwa nini simu ilikataa 90? Alisema dakika hazifiki 90 popote, si za saa wala za digrii. Zikifika 60 zinakuwa kitu kizima. Kwa hiyo, akasema, hii 90 si dakika. Ni sehemu ya digrii, kama unavyoandika desimali. Na kama 90 ni desimali, basi na 57 ni desimali. Akazidisha 0.57 kwa 60, akapata dakika 34 na kidogo. Akazidisha 0.90 kwa 60, akapata 54. Shemeji alikuwa amenakili namba kutoka kwenye ramani ya kawaida ya simu, inayoandika digrii kwa desimali, wakati programu ya mchezo inaomba digrii na dakika. Mahali ni palepale, maandishi ni mawili. Dakika moja ya latitudo ni karibu kilomita 1.85, na huku kwetu karibu na ikweta ya longitudo nayo ni hivyohivyo. Ndiyo maana kosa dogo la kusoma lilitupa ng'ambo ya ziwa.

Aliandika upya. Mshale ukageuka ukaelekeza nyuma ya nyumba yetu. Mita mia nne na kidogo.

Mama mkwe alimvuta mjukuu wake akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Ng'wanawane," alisema, yaani mwanangu, akarudi kulala. Wengine hatukulala sana.

Jumapili, kabla ya kengele ya ibada ya kwanza, tulikuwa mlimani familia nzima. Ningependa kila anayesema GPS inaonyesha mahali aje asimame kwenye mawe ya Butimba. Tulipokaribia, mshale ulianza kuyumba: mita sita kulia, mita kumi na moja nyuma, mita nne, mita tisa. Majabali makubwa yanaziba sehemu ya anga, na matangazo ya setilaiti hugonga mwamba kwanza ndipo yafike kwenye simu, hivyo simu hudhani yametoka mbali zaidi. Namba zinakufikisha mtaani. Mlangoni unafika kwa macho yako. Na kwa macho, tulikuwa na maelekezo ya jiwe lililobeba jiwe. Hii ni Mwanza. Jiwe lisilobeba jiwe ndilo la kutafutwa.

Tulikagua moja baada ya jingine. Kila ufa niliupigapiga kwa fimbo kwanza kabla mkono wa mtu haujaingia, na hiyo ni sheria niliyoiweka mimi na haina mjadala. Pimbi walituchungulia kutoka juu. Mijusi wetu wa mawe, madume yenye kichwa na kifua cha waridi na mwili wa buluu, walianza kutoka kuota jua. Wataalamu waliwapa jina la mji huu, Agama mwanzae. Kijana wa kati alipata ufa wenye duara safi kwenye vumbi, ukubwa wa kitako cha kopo. Kopo halikuwepo.

Hapo ndipo alipotokea mama mwenye nyumba iliyo chini ya mawe yale. Tunafahamiana kwa salamu za sokoni. Alikuwa amebeba ungo wa udaga wa kuanika, na alituangalia kwa muda kabla ya kusema lolote. Mama mkwe akamwamkia Kisukuma, wakaulizana hali za nyumbani mpaka zikaisha, ndipo akaambiwa tunatafuta kopo la bluu.

"Kopo lile liko kwa balozi wa nyumba kumi," alisema. "Nimelipeleka mimi."

Akatueleza, na ninayaandika maneno yake kwa uzito wake. Jioni ya Ijumaa, giza likiingia, alimwona mwanamume asiyemjua akipanda juu ya jiwe lake la kuanikia, akiinama, akiingiza kitu ufani, akikitazama kupitia simu, akiondoka bila kubisha hodi. Asubuhi alikivuta kwa kijiti. Hakukifungua. Alifikiri labda ni mali ya wizi, labda ni dawa imewekwa kwa ajili ya mtu. "Na ningefungua nikakuta sindano na nyuzi," aliuliza, "ningesema nini kwa watu?"

Mama mkwe alikaa chini. Alielewa kabla yetu. Usukumani, kitu kilichofichwa usiku karibu na nyumba kinaweza kuleta maneno, na maneno hayo mara nyingi humwendea mwanamke mzee. Vikongwe wengi wameuawa katika mikoa hii kwa tuhuma za uchawi. Si hadithi za zamani, ni watu ambao wajukuu wao wako hai. Kopo lile lilikuwa la mwanamke mzee, linalojulikana na marafiki zake wote, na Ijumaa tu lilikuwa bado na sindano zake. Mtoto alizimwaga kwenye kisahani kwa sababu zingechoma vidole. Namshukuru Mungu kwa vidole hivyo.

Ndiyo maana nasema kitabu cha mchezo huu kiliandikwa kwa ajili ya misitu mitupu. Sheria zenyewe zinataka ruhusa ya mwenye ardhi, na ni sheria nzuri, lakini huku haitoshi kumwambia mwenye ardhi peke yake. Jiwe la Butimba ni kamba ya nguo ya huyu, ni uwanja wa udaga wa yule, ni kivuli cha wazee wa bao mchana na mahali pa watoto kujisomea jioni. Linahitaji kutangazwa kwa mdomo kabla ya kutangazwa kwenye simu.

Balozi alitupokea vizuri. Kopo lilikuwa juu ya kabati, limefungwa kwa kamba, na alikuwa ameandika kwenye karatasi saa lilipoletwa na jina la aliyelileta. Alitaka lifunguliwe mbele ya jirani. Mama mkwe alitaja kilichomo kabla mfuniko haujaondolewa: kadibodi, noti, na kipande cha karatasi chenye hesabu ya marejesho. Daftari, penseli, shanga na kifungo zikatoka kwanza. Kadibodi ikainuliwa. Noti zilikuwepo, zimekunjwa kama alivyozikunja. Balozi alimpa jirani yetu mkono kwa kutolifungua, na mama akamshika mkono huohuo hakuuachia mpaka nje ya mlango. Ibada ya pili tuliiwahi. Kikoba alifika wa kwanza.

Nilidhani mchezo umekufa siku ile. Aliyeufufua ni jirani. Baada ya siku chache alikuja na bakuli la karanga, akauliza hasa kile kijidaftari kilikuwa cha nini. Binti alimweleza kama baba yake mdogo alivyotueleza sisi. Akauliza kama watu wangekuja kweli, wageni kwa wenyeji. Akasema kama ni hivyo, kopo likae kwake, lakini lisikae ufani. Likae kwenye tundu la ukuta wake wa mawe, anapoweza kuliona akiwa anapika, na anayelitafuta abishe hodi kwanza. Shemeji, kwa simu kutoka Arusha, alithibitisha kwamba inaruhusiwa, mradi maelezo yaandikwe wazi, na kwamba wapo wahakiki wa kujitolea wanaopitia kila kopo jipya kabla halijaonekana kwa wengine. Alitukumbusha pia kwamba makopo mawili hayakai karibu chini ya mita 161.

Tulinunua kopo la plastiki la mfuniko wa kusokota. Nje binti aliandika kwa wino usiofutika ni kitu gani, ni cha nani, na ruhusa imetolewa na nani. Tulipita nyumba zote za jirani tukilionyesha likiwa wazi, mama mkwe akiwa mbele, kwa sababu alitaka watu walione jambo hili mkononi mwake mchana kweupe. Balozi naye alionyeshwa. Akaandika jina lake ukurasa wa kwanza.

Namba safari hii ziliandikwa kwa namna zote mbili, moja chini ya nyingine. Binti alisimama pale kwa nyakati tofauti za siku akizisoma na kuzilinganisha, mpaka zikakubaliana.

Mama mkwe alikuwa akimtazama. Jioni moja, tukichambua mchicha, alimwuliza kama simu inaweza kutunza mahali pengine pasipo na kopo. Alikuwa anafikiria shamba la marehemu mumewe, Magu. Mpaka wake ni ua wa minyaa, na minyaa hukatwa, hukauka, husogea kwa mkono wa mtu asiyeonekana. Binti alisema inawezekana: kusimama kila kona, kuandika namba. Shemeji alipoulizwa alionya kwa haki kabisa kwamba simu hukosea mita kadhaa, kwamba namba hizo si upimaji na hazitasimama mbele ya baraza la ardhi. Kwa mpaka anatakiwa mpima ardhi mwenye leseni.

"Najua," mama akasema. "Hatua tano simu ikikosea, mzee wa upande wa mto atasema jiwe lilikuwa wapi. Na mzee akisahau, simu itasema ni upande gani wa mbuyu. Nawataka wote wawili, na majirani wa kona zote nne wakiwa wamesimama."

Ameshaanza kutaja watakaoitwa. Binti anaandika. Tutakwenda baada ya mpunga kuvunwa, shamba likiwa limelala na kona zote zinaonekana.